Mtani kwenye Bustani ya Mzee Magunia

Nimestaafu, na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba nyumbani hakuna nyasi za kutosha. Kiwanja chetu ni kidogo. Nimeshakifyeka, nimekifagia, nimekimwagilia, na mke wangu ameniomba nitafute shughuli nyingine kabla sijapogoa na kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo naandika. Nawaandikia ninyi mliobaki bustanini pale bwawani, hasa ninyi wapya mliokuwa mkiniona nakuja mnaficha simu mfukoni na kushika reki. Vyeo sitavitaja kwa sababu sikuvipata vingi, na mishahara mnaijua wenyewe.

Mimi ni Athumani Mhina, Mzigua, mzaliwa wa vijiji vya nyuma ya Dumila. Nilikuja Morogoro nikiwa kijana, nikachukuliwa kibarua cha kufagia barabara, kisha nikahamishiwa kwenye bustani za mji. Siku ya kwanza nilipokelewa na Mama Vero, mnyapara wetu, Mluguru wa huko juu Mgeta, mama mfupi mwenye gambuti za kiume zilizomzidi miguu. Alinikabidhi fyekeo na kinoo, akanionyesha kivuli, akasema, "Kaa pale unoe." Nikanoa. Baadaye nikamwambia tayari. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, akatikisa kichwa. "Hili hata ugali halikati. Rudi unoe." Siku hiyo nyasi sikuzigusa kabisa. Jioni nilikwenda nyumbani na malengelenge, namlaani mama wa watu kimoyomoyo, na kesho yake nikafyeka eneo la watu wawili bila kuumwa mgongo.

Mambo mengi mnayofanya sasa bila kufikiri yalitoka kwake. Mchongoma unakatwa uwe mpana chini na mwembamba juu, la sivyo chini unapata upara na mbuzi wanapata mlango. Magugu maji hayavutwi na kuachwa ukingoni, yanapelekwa mbali na maji yakauke, kwa sababu yakiachwa karibu mvua ya kwanza inayarudisha yalikotoka, na wewe unarudi kuyavuta upya. Mkasi wa kupogolea unafungwa mpira wa baiskeli kwenye mpini. Na ukiona wingu limekaa kwenye mabega ya milima na halitaki kuondoka, kunja mpira wa maji, nenda kanywe chai. Hilo la mwisho nililishika upesi kuliko yote.

Bwawa lenyewe mnalijua. Lilichimbwa zamani na wenye shamba la mkonge. Shamba lilikufa, maji yakabaki. Kwenye kibao limeandikwa Ziwa, na mgeni yeyote wa kutoka Mwanza akilisoma hutabasamu kwa huruma. Nimeshazoea. Lakini asubuhi hewa ikiwa safi, safu yote ya Uluguru inaonekana kichwa chini ndani ya maji yale, na hivi sasa nimekaa hapa barazani bado naiona. Sikujua kwamba mtu anaweza kuyakumbuka maji kiasi hiki.

Tulipofika pale na Mama Vero palikuwa pori la matete. Aliyetupeleka ni Mzee Magunia. Jina lake la kwenye kibao ni Alhaji Shomari Lukwele, lakini kwa jina hilo aliitwa na mahakimu na watangazaji tu. Alianza kwa kushona viraka kwenye magunia chakavu na kuwauzia wafanyabiashara wa mahindi kule Dumila. Akapata mashine ya kusaga, akapata malori, akawa diwani, halafu mbunge. Siasa zake sitazieleza. Wapo aliowasaidia, na wapo aliowachosha kwa hotuba. Mimi nilikuwa kwenye makundi yote mawili.

Ukanda ule wa kando ya bwawa ulikuwa wa ukoo wake upande wa mama. Wale msiotoka huku mjue kwamba kwa Waluguru ardhi hufuata mama, kwa hiyo watoto wa Mzee hawakuwa na neno pale. Mwenye neno alikuwa dada yake mkubwa, Bi Mwanaidi wa Bigwa, na nyuma yake mwanawe, Jumanne, mpwa wa Mzee. Mzee na dada yake walikubaliana kwamba ardhi ibaki ya ukoo, lakini watu wote waingie wapumzike, na sisi wa bustani za mji tuitunze. Jumanne yeye alitaka pajengwe baa ya nyama choma. Alisema wazi, na sikumlaumu, maana kijana alikuwa na familia na pale panafaa kwa nyama. Lakini mama yake alikuwa ameshasema.

Mzee alikuja karibu kila asubuhi kutembea. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Mzigua! Bado upo? Nilidhani milima imekutisha umerudi kwenu!"

"Nitarudi vipi, wakati nyie mguu mmoja mfupi kwa kutembea kwenye mteremko? Nikiondoka nani atawashika mkono?"

"Ninyi mkiona kichuguu mnavua viatu, mnauliza kilele kiko wapi."

"Na wewe upara wako uvalishe kofia, samaki wanadhani jua limechomoza mara mbili."

Mara ya kwanza afisa mmoja alitusikia akataka kuniandikia onyo kwa kumtukana mbunge. Mzee alicheka mpaka akashika mti. Mzigua na Mluguru ni watani, tangu kwa babu zetu. Mtani anakutukana na huna haki ya kukasirika, wala hapigi hodi kwako, wala hana deni la shikamoo. Na ukifiwa, yeye ndiye wa kufanya vituko msibani. Anajipaka majivu, anakimbia na sufuria ya pilau, anamsema marehemu vibaya mbele ya watu. Wafiwa wanamfukuza, wanamtukana, wanacheka bila kutaka, halafu wanalia vizuri. Hiyo ni kazi, na ina wenyewe.

Miaka ilikwenda hivyo. Tulipanda ukoka kipande kwa kipande, tukapanda mijakaranda kandokando ya njia. Tulipambana na mbuzi wa majirani na maharusi wa Jumamosi, na kati ya hao wawili afadhali mbuzi, maana akifukuzwa kwenye maua anaondoka na wala hasemi amelipia mpiga picha. Wasichana wa shule ya Kilakala walikuja siku za mapumziko kujisomea, wakaacha maganda ya machungwa na wakaniamkia shikamoo babu kabla sijafika umri wa kuwa babu. Kenge mmoja alihamia kwenye mtaro na Mama Vero akamkataza mtu yeyote kumgusa, akisema huyo ndiye mlinzi pekee asiyelala kazini.

Kisha Mzee Magunia akafariki.

Msiba wa mwanasiasa si wa ukoo tena. Iliundwa kamati. Kukawa na ratiba, vipaza sauti, magari, na vijana wenye beji wakapanga watu kwa safu. Sisi Wazigua tulikwenda, mimi na wenzangu wachache, na majivu yetu kwenye mfuko wa nailoni. Kijana mmoja mwenye beji akatuuliza sisi ni akina nani kwenye ratiba. Nikamwambia sisi ni watani. Akaangalia karatasi yake, akasema watani hawapo, tusimame nyuma ya kamba. Tukasimama. Viongozi wakasema mazuri yake mpaka jua likapanda, pasiwe na hata mtu mmoja wa kumkumbusha marehemu kwamba alikuwa bahili wa sukari. Nilimwona Bi Mwanaidi kwa mbali, amekaa wima kwenye kiti cha plastiki, macho makavu. Nilirudi nyumbani na majivu yangu. Nilikuwa nimempoteza mtani wangu na sikuwa nimefanya lolote.

Baada ya muda ikaamuliwa bustani ipewe jina lake na iwekwe sanamu. Fundi wa Dar es Salaam akapewa picha. Picha ya nani, mpaka leo hatujaambiwa. Sanamu ikaja imefungwa turubai, tukaisimamisha kwenye jukwaa lake karibu na maji, na siku ya uzinduzi Bi Mwanaidi akaombwa avute kamba.

Alivuta. Turubai likaanguka, na mbele yetu akasimama bwana mmoja mwenye nywele nyingi, pua ndefu na masikio madogo ya heshima. Mzee Magunia alikuwa na upara tangu ujana, na masikio yake uliyaona kabla yake. Bendi ilikuwa imeshaanza kupiga, ikapiga kidogo, ikaacha. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mama Vero alinishika mkono akaufinya mpaka ukauma.

Bi Mwanaidi alijitanda kanga yake vizuri kichwani. "Huyu si ndugu yangu," alisema, na kwa sababu kipaza sauti kilikuwa karibu, tulisikia wote. "Shomari mlimchukua mkamzika kama mgeni. Sasa mmeniletea mgeni mwenyewe. Basi. Ardhi ya mama yangu naichukua."

Kesho yake geti likafungwa mnyororo. Tukaambiwa tusubiri kupangiwa kazi nyingine. Viongozi walikwenda Bigwa kuomba radhi, wakaahidi sanamu mpya, wakapeleka mchele na vitenge. Aliwapokea kwa adabu, akawanywesha chai, akakataa. Nikawa napita nje ya uzio kila siku natazama miche ya mijakaranda inavyokauka. Ile tuliyopanda mwisho ilikuwa bado laini, haiwezi kujitafutia maji. Nilishika vyuma vya geti kama mtu aliyekuja kumwangalia mgonjwa na kuambiwa muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Nasema kweli, niliona uchungu. Nilikuwa nimetoa nusu ya maisha yangu mle ndani. Na Jumanne alikuwa ameshaonekana akipima pima na fundi mmoja upande wa barabarani.

Nilikwenda kumlalamikia Mama Vero. Alikuwa amekaa nje kwake anachambua njegere. Akaniacha nikaongea mpaka nikaishiwa.

"Umesikia alichosema yule mama?" akauliza.

"Amesema sanamu si ya ndugu yake."

"Hicho ulikisikia cha kwanza. Amesema ndugu yake alizikwa kama mgeni. Mgeni ni nani, Athumani? Ni mtu asiye na mtani. Wewe si Mzigua? Unangoja barua?"

Niliogopa. Zama hizi si zile. Mtu unamtania, anakupeleka polisi. Bi Mwanaidi alikuwa mama wa makamo ya mama yangu, amejawa na hasira, na mimi ni mfanyakazi niliyebakiza muda mfupi kustaafu. Kama ningekosea, mnyororo ule usingefunguliwa milele, na lawama ingekuwa yangu. Mama Vero akanisukumia ungo wa njegere. "Chambua basi, kama hiyo ndiyo kazi uliyobakiwa nayo."

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Bigwa. Sikupiga hodi. Nilimkuta Bi Mwanaidi uani amekaa kwenye kiti, kandambili zake ziko pembeni. Sikumwamkia. Ulimi uliniwasha kwa kukosa kusema shikamoo, lakini nikajikaza.

"Wewe bibi wa mguu mfupi," nikasema, "ndugu yako ameniudhi. Amekufa bila kuniaga."

Alinyanyua uso. Nikachukua kandambili zake, zote mbili, nikazitia kwapani.

"Ukizitaka, njoo uzikomboe bwawani. Ndugu yako nimemfunga kamba."

Nikatoka mbio. Nyuma yangu nikasikia Jumanne anaita, "We mzee! Umechanganyikiwa?" na sauti ya mama yake ikimwambia, "Mwache. Niletee viatu vingine."

Niliruka uzio. Kwa umri wangu ule siwashauri. Nikaifunga sanamu kwa kamba ya mkonge kuanzia kifuani mpaka shingoni, nikaipaka majivu kichwani, kisha nikajipaka na mimi. Nikatandika gunia chini mbele yake, nikakaa. Nilikuwa nasema peke yangu kwamba labda hatakuja, labda watakuja askari.

Alikuja na bajaji, yeye na Jumanne. Jumanne akafungua mnyororo. Bi Mwanaidi akatembea polepole kwenye njia, na mimi nikaanza kazi.

"Magunia wewe! Upara ulikufuata tangu ujana, umefika ahera umeota nywele? Umeziiba kwa nani? Bahili mkubwa! Chai yako sukari ilipita mlangoni ikasalimia ikaondoka! Hotuba zako ziliua kuku wangu wawili kwa usingizi! Unakufa bila ruhusa yangu, unajificha kwenye uso wa mtu mwingine ili watani tusikujue? Nimekujua! Nani atanitukana asubuhi sasa, mwizi wewe? Nani?"

Bi Mwanaidi alikuwa amefika. Alisimama mbele yangu, mkono kiunoni, na kwa muda niliona nimekwisha. Jumanne alitaka kunishika shati. Mama yake akamzuia kwa kiwiko.

"Mzigua mchafu," alisema. "Mla vya watu. Umemfunga kamba ndugu yangu kwa ruhusa ya nani?"

Ndugu yangu. Jumanne alilisikia neno hilo, akamgeukia mama yake.

"Kwa ruhusa ya babu yangu," nikajibu. "Nataka kuku. Bila kuku simfungui huyu."

"Kuku umpeleke wapi, na ninyi hata kuku akipanda kichuguu mnampungia mkono wa kwaheri?"

Akacheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, akaziba mdomo na kanga, kikamzidi nguvu. Akaitazama ile sanamu na nywele zake na majivu yake, akacheka tena, akasema, "Hebu tazama masikio waliyompa! Shomari angefurahi." Kisha akakaa kwenye gunia langu, na ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kama anavyotakiwa kulia dada, na Jumanne akachuchumaa akamshika mabega, naye akalia. Nilifungua kamba. Kazi ya mtani ikiisha hukaa pembeni, nami nilikaa pembeni, nikayaangalia maji.

Alipotulia alivaa kandambili zake. Akamwambia Jumanne, "Mnyororo upeleke nyumbani ukafungie ng'ombe."

"Na sanamu, mama? Tuwaambie walete nyingine?"

"Ya nini? Huyu ameshatukanwa, ameshapakwa majivu, ameshaliliwa. Huyu ni wetu."

Ndiyo maana sanamu ile iko vilevile mpaka leo, na mkiulizwa na wageni mbona haifanani na picha, msiseme ni makosa ya fundi. Waambieni ndiye. Jumanne baa yake aliijenga ng'ambo ya barabara, na nyama yake ni nzuri, ingawa kachumbari anaibania kama mjomba wake. Katika mijakaranda iliyokuwa imeanza kukauka tulipoteza mitatu tu. Mama Vero alistaafu kabla yangu, akarudi Mgeta, na hakunisifia hata siku moja kwa jambo lile. Siku ile aliponiona tu alisema miche imekaa na kiu muda mrefu, nikachukue ndoo.

Bi Mwanaidi akawa anakuja Ijumaa baada ya swala. Ananitukana getini, namtukana, tunaulizana hali, anakwenda kukaa kwenye benchi mbele ya ndugu yake. Alinitania mpaka siku niliyokabidhi vifaa. Alisema Wazigua ni watu wa kuchoka mapema.

Mwezi uliopita Jumanne alinipigia simu alfajiri. "Mzigua," alisema, "mama ametutoka. Hatujamwita hata mtu wa maturubai. Tumeanza na wewe."

Nilikwenda na majivu yangu. Hapakuwa na beji wala kamba. Nilibeba sufuria nikakimbia nayo, akina mama wakanirushia mwiko. Nilimsema marehemu kwa ubishi wake, kwa ulimi wake, kwa kandambili zake mbovu. Tulipofika makaburini, shimo likiwa tayari na jeneza bado liko mabegani mwa watu, niliteremka ndani nikalala chali, nikatangaza kwamba mahali pale nimepawahi mimi, sitoki. Watu wakashika mbavu. Jumanne akanipa jogoo, nikasema ana mguu mmoja mfupi kama wao, simtaki. Akaongeza wa pili. Akanitukana mimi na babu zangu wote, vizuri kabisa, mama yake angefurahi. Kisha akainama kunipa mkono anivute, akauona uso wangu kwa karibu, majivu yamelowa machozi.

"Toka, Mzigua," aliniambia kwa sauti ya chini. "Tumlaze mama."

Nikakataa tena, na safari hii sikuwa nafanya utani.